Ng'ombe Aliyesemwa Amekufa

Siku ile tulikuwepo watu sita. Mimi, niliyekuwa na miaka kumi na saba. Mdogo wangu wa kike, wa miaka kumi na miwili. Mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa mgongoni mwangu, hajatembea ingawa umri wa kutembea ulikuwa umempita. Mwenye boma. Mke wake. Na balozi wa nyumba kumi wa pale, aliyeitwa aje kuamua. Majina siyaandiki, lakini watu nawahesabu wote, kwa sababu baadaye mwenye boma alitangaza kwamba siku ile hapakuwa na shahidi yeyote. Tulikuwepo sita. Na ng'ombe pia alikuwepo, ambaye walisema amekufa.

Ng'ombe yule baba alimpeleka mwenyewe, mimi nikifuata nyuma na fimbo, miaka mitano kabla ya siku hiyo. Alikuwa mtamba mwekundu mwenye tumbo jeupe. Sisi tulikaa Nakwa, kiwanja kidogo, mahindi mpaka mlangoni, hapakuwa na pa kuchungia. Baba akamwekesha kwa rafiki yake, huyo mwenye boma, juu ya milima ya Dareda, kama watu wetu wanavyofanya siku zote: anayetunza hunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe na uzao wake hubaki mali ya mwenyewe. Akifa, mtunzaji hutoa ngozi, na ngozi hiyo haikatwi masikio, ili mwenye mali aione alama yake. Alama ya baba ilikuwa mapengo mawili kwenye sikio la kushoto. Mimi ndiye niliyekishika kichwa wakati anakata.

Kisha baba akafa, na baada ya miezi sita mama naye, wiki tatu baada ya kujifungua. Nikaacha shule darasa la sita. Tulikuwa watano na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo hapakuwa na mjadala.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya themanini, tulipoambiwa kila siku tufunge mkanda. Duka la ushirika lilikuwa na majembe yasiyo na mipini na rafu ndefu zilizofutwa vumbi vizuri. Mtoto alikua kwa uji wa mahindi bila sukari. Tumbo likatangulia, miguu ikabaki nyuma. Nilimpeleka zahanati, nesi akamwinua mkono, akauachia.

"Mpe maziwa," akasema.

"Yapi, dada?"

"Yoyote utakayopata. Asipopata, usinirudishie hapa."

Sikumkasirikia yeye. Hata mizani yake ilikuwa imefungwa kwa kamba. Nilikasirika kwamba tulikuwa na ng'ombe, naye mtoto alikuwa anakauka.

Mabasi hayakuwa na mafuta. Tuliwaacha wadogo wawili wa katikati kwa jirani tukaondoka kwa miguu kumfuata ng'ombe wetu. Nilishona mfuko wa mbolea, nikaukatia mikanda ya mpira wa baiskeli ili uvalike mgongoni. Ndani niliweka blanketi, sufuria, unga, chumvi, na nusu mche wa sabuni niliyoipangia foleni tangu alfajiri. Sabuni ilikuwa zawadi ya mwenye boma. Mtu haendi kudai mikono mitupu.

Siku ya kwanza tulipita Sigino tukafuata barabara mpaka chini ya milima. Mmoja alibeba mtoto, mwingine mfuko, tukibadilishana kila tulipoona kivuli. Lori moja tu lilitupita, limejaa magunia, na mtu aliyekaa juu yake akatupungia mkono kama tuko matembezini. Tulilala jikoni kwa mama mmoja wa Kilutheri aliyetupa maharage na hakutuuliza kitu.

Siku ya pili tulipanda. Njia ile inakwenda kwa kujikunja, na kila ukidhani umefika juu unaona juu nyingine. Mpira wa baiskeli ulinichuna mabega. Mdogo wangu alikuwa nyuma na mtoto.

"Dada, hivi umebeba mfuko au mfuko ndio unakusukuma?"

"Funga mdomo upate pumzi."

"Pumzi ninayo. Miguu ndiyo imebaki Sigino."

Juu kabisa milima inafunguka, na bonde liko mbele yako lote: mto katikati, ngano na maharage kila upande, na maboma yametawanyika mitelemkoni. Tulitembea humo jioni ile mvua ikitunyeshea, na kwa kuwa bonde lile liko wazi, mtu aliyekaa mlangoni kwake anaweza kuwaona wageni nusu siku kabla hawajafika. Hilo sikulifikiria. Ningepita njia ya msituni.

Tulilala kwa watu, na asubuhi ya siku ya tatu tukaingia uani kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ninyi ni wa nani?"

Alikuwa amekula kwetu mara zisizo na hesabu. Nikamtajia baba. Akatikisa kichwa, akasema pole, akaipokea sabuni, akainusa pande zote mbili na kuitia mfukoni. Mkewe alikuwa chini anapukuchua mahindi.

"Yule ng'ombe alikufa," akasema. "Ukame ule wa juzi. Nilitaka kuleta habari, lakini nauli iko wapi?"

"Ngozi iko wapi, baba?"

Akacheka. "Darasa la sita, na linaulizia ngozi."

Lakini alikuwa amejiandaa. Aliagiza balozi aitwe, naye alifika upesi mno, shati amelifunga mpaka shingoni. Ndipo ngozi ikatolewa ndani na kutandazwa. Ilikuwa nyekundu, tumbo jeupe. Nitasema kweli, kwa muda niliamini. Kisha nikapiga magoti, nikalishika sikio la kushoto. Lilikuwa zima, laini kama jani. Nikashika la kulia, nalo zima.

"Huyu si wetu. Wetu ana mapengo mawili."

"Ng'ombe akifa alama hujifunga," akasema mwenye boma.

Mdogo wangu akauliza, "Kwa hiyo akifa ndiyo anapona?"

Balozi alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Kisha akakaza uso.

"Watoto, mna karatasi?"

"Ya nini?"

"Ya kuonyesha mna ng'ombe hapa."

Boma zima lile halikuwa na karatasi ya ng'ombe hata mmoja. Hata yeye balozi, ng'ombe wake wawili waliwekwa kwa watu kwa neno la mdomo tu. Karatasi ilizaliwa asubuhi ile, kwa ajili yetu.

"Shahidi ni mimi," nikasema. "Nilishika kichwa."

"Wewe ni mtoto. Tena wa kike. Rudini nyumbani kabla ya mvua."

Nilivaa mfuko. Sikulia, nilikuwa na hasira nyingi mno. Tulipofika kwenye miti ya mpaka wa shamba, mke wa mwenye boma alitufikia mbio, kibuyu mkononi.

"Mpe mtoto njiani," akasema. Maziwa yalikuwa bado na uvuguvugu. Mtoto alikunywa mpaka akasahau kupumua. Yule mama akamtazama kidogo, kisha akasema bila kuniangalia, "Ni ya kwenu hayo. Amefungwa kwenye matete, chini mtoni, tangu jana tulipowaona mnaingia bondeni. Ndama yuko ndani kwangu, ana wiki mbili. Dada yake, mtamba wa uzazi wa kwanza, kapelekwa kwa shemeji."

"Mama, tukimkuta, mumeo atajua ni wewe."

"Mimi nimeleta kibuyu tu."

Tulishuka mtoni. Alikuwepo, amenenepa, mwekundu, tumbo jeupe. Nikakitia kidole katika pengo la kwanza, kisha la pili. Mdogo wangu alifungua kamba. Hatukufika mbali. Mwenye boma na balozi walikuwa wanateremka, mmoja na rungu, mwingine na uso wa serikali.

Nikaligeuza sikio nikamwonyesha balozi. Alilitazama muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Basi," akasema, "tusigombane. Ng'ombe achukueni. Uzao utabaki, ndio ujira wa kutunza."

Mtu asiyefuga angeona nimeshinda. Ng'ombe wetu wa kienyeji hashushi maziwa bila ndama wake kunyonya kwanza. Walikuwa wananipa ng'ombe na kubaki na maziwa, na wote wawili walilijua hilo, na walinitazama waone kama najua.

Nikakaa chini katikati ya njia, mtoto mapajani, kamba nimeizungusha kiunoni.

"Ondoka hapo," mwenye boma akasema.

"Nasubiri ndama."

"Utasubiri mpaka lini?"

"Unga ninao wa siku tatu."

"Na chumvi," mdogo wangu akaongeza, akakaa pembeni yangu.

Tulikaa mpaka jua likapita utosini. Balozi alisema habari za sheria, kisha habari za adabu, kisha akafungua kifungo cha shingoni. Ndipo tukamwona yule mama anateremka, ndama mikononi kama mtoto.

"Mwanamke, rudisha huyo," mumewe akasema.

"Nimemlea ndani kwangu. Mama yake namjua."

"Basi ujue na njia ya kwenu."

Alimweka ndama miguuni pangu, akajifuta mikono kwenye kanga, akapanda zake. Hakuna aliyemzuia. Balozi alitazama mto.

Ndama hakuweza kushuka milima kwa miguu. Tulimtia kwenye mfuko wa mbolea, kichwa nje, nikamvaa mgongoni, na mama yake akatufuata mwenyewe bila kuvutwa, akiniramba mabega yaliyochubuka, siku mbili mpaka Nakwa. Mtoto alitembea kabla ya mavuno.

Mtamba hatukumpata. Kila nilipodai, mwenye boma alijibu kwamba hapakuwa na shahidi. Aliendelea kukaa benchi la mbele kanisani, na watu waliendelea kumwamkia. Ananidai msamaha, naambiwa. Mimi namdai mtamba na uzao wake wote, na sijapunguza hata kwato.

Yule mama alirudishwa kwao mwezi uleule. Nilipopata habari, nilijaza kibuyu, nikapanda tena, nikaambiwa kwao ni mbali zaidi, upande wa pili wa milima. Nilifika huko, wakasema amehama na hawakujua, au hawakutaka kusema, alikokwenda. Nimemuulizia katika minada yote ninayoijua. Kwetu chombo cha maziwa hakirudishwi kitupu. Kibuyu chake bado ninacho, nakisafisha kwa mkaa, na hakijarudi.