Ndizi Zilizokataa Kuiva Hagsätra

Shangazi wa bibi harusi, yule anayekaa Norsborg, huku huku Sweden, anasemea puani. Alipiga simu kuuliza upande wetu utaleta kinywaji gani siku ya kuposa, akavuta maneno hivi: "Naambiwa mtaleeeta juisi ya ndizi. Ya kweli, ama ya katoni?" Mimi ni bibi wa bwana harusi, yeye ni mjukuu wangu. Nikamwambia ya kweli. Hapo nikajitia kitanzi mwenyewe, maana kwetu Burundi ukienda kuposa bila kinywaji cha ndizi umeenda mikono mitupu, na midomo ya watu wa Norsborg naijua.

Ndizi tuliagiza kwa jamaa anayeleta mizigo kwa ndege kutoka Uganda, zile fupi za pombe, mbichi kabisa, maboksi matatu. Kwetu unachimba shimo, unawasha moto ndani, unapanga ndizi, majani ya mgomba juu, udongo, siku nne tano zimeiva. Hapa Hagsätra ninapokaa utachimba wapi? Wenye jengo watakuitia polisi. Nikawaza, shimo ni nini? Ni mahali chini ya ardhi, giza. Na jengo letu lina stoo chini ya ardhi, kila nyumba na kizimba chake cha wavu. Nikazishusha huko, nikazifunika mablanketi, nikatia kufuli. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja.

Mjukuu wangu wa kike, dada wa huyo anayeoa, anasoma chuo mambo ya vyakula. Miaka mitatu wanamfundisha kwamba chakula kinaoza. Aliuliza nimeziweka wapi, nikamwambia habari za ndizi haziulizwi na mtu anayezijua zikiwa dukani zimebandikwa karatasi.

Siku ya tano nikashuka. Zilikuwa za kijivu kama nyuso za watu kwenye treni ya asubuhi. Ngumu. Nikanusa, hakuna kitu. Nikamenya moja nikatafuna, chaki tupu. Zilibaki siku saba tukapose, na mzigo mwingine usingewahi kufika. Nikakaa juu ya matairi ya gari ya jirani nikajitukana vizuri, kisha nikampigia yule msichana, akaja.

Hakucheka, na hilo ndilo liliniudhi. Kila sentensi yake inaanza na "alltså", ile "yaani" ya Wasweden, halafu anashusha sauti kama daktari anayeleta msiba.

"Alltså, bibi, zimepigwa baridi. Ndizi ikikatwa bado inapumua. Ndani ina wanga, na ina vitu vya kuugeuza kuwa sukari. Kwenye baridi hii kazi hiyo inasimama, na nyingine hazitaianza tena."

"Shimo la kwetu halina baridi?"

"Shimo lenu mlikuwa mnawasha moto. Na moshi una gesi kama ile ndizi yenyewe inatoa ikitaka kuiva."

Maisha yangu yote nimewasha ule moto nikidhani nafukuza wadudu. Sikumwambia.

Akachagua kama anachagua maharage. Za juu na za pembeni akatupa. Za katikati, zilizokuwa zimebanana na kupata joto kidogo, akaziokoa, boksi moja tu. Akazipandisha bafuni kwangu, sakafu yake inapashwa joto, akazitia kwenye mifuko mikubwa pamoja na matofaha yaliyolegea. Eti tofaha likiiva sana linatoa gesi hiyo hiyo, linawaambia wenzake wakati umefika. Tofaha la Wasweden kuifundisha ndizi ya Uganda kuiva! Akaniagiza nifungue mifuko kila asubuhi zipate hewa. Basi ndizi zikalala kwenye sakafu ya moto, na mimi mzee nikaoga jikoni kwa beseni.

Siku ya tano bafu lote lilinukia kama kwetu. Njano, laini, ganda lenyewe linaachia. Nikazikanda kwa nyasi, ndivyo tunavyokamua kwetu, zikatoa juisi ya jagi moja. Moja!

Siku yenyewe shangazi akapewa kikombe cha kwanza. Akaonja, akafumba macho, akatafuta kasoro.

"Tamu," akasema puani, kama mtu anayeng'olewa jino. "Lakini ni kidogo. Wageni wote hawa?"

"Hao watakunywa ya katoni," nikamwambia. "Hii ni ya wanaojua."

Angefanya nini, aseme hajui? Akasukuma kikombe mbele tena, ukoo wake wote ukimtazama, na mtu aliyeomba cha pili hawezi kusimama aseme wakwe wamekuja mikono mitupu. Mjukuu wangu wa kiume alishusha pumzi mpaka tai ikacheza. Nikainamisha jagi. Yalikuwa yamebaki mashapo, nikampa yote.