Kitenge changu kwenye kona ya mwisho

Leo mwanangu ameshindwa mbio za pikipiki kwa sababu yangu.

Mnajua ninavyojisifu kuhusu Jeni. Hapa Nemba nani hajanisikia? Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kona unaiingilia kwa nje, unausogelea kabisa ukingo wa ndani, halafu unatoka tena nje. Hapo mwendo haupotei.

Basi na mimi nikajifanya mjuzi.

Mzunguko wa mwisho Jeni anaongoza. Nikatandika kitenge changu kipya pale pale kwenye ukingo wa ndani wa kona ya mwisho, apite juu yake kama bibi harusi. Vigelegele juu.

Jeni alipokiona akakikwepa, akaenda nje mno mpaka majanini.

Kijana mgeni kutoka Bukiriro aliyekuwa nyuma yake akapita juu ya kitenge bila hata kupunguza mwendo. Ndiye mshindi.

Jirani yangu akaniambia, "Mama Jeni, asante kwa kumpokea mgeni wetu." Watu wakacheka, mimi natafuta pa kuweka uso.

Nikamuuliza mwanangu kwa nini hakupita tu.

"Mama, nikanyage kitenge chako kwa tairi?"

Jamani! Wazazi wenzangu, mtoto wa hivi unamwomba radhi kwa maneno gani?