Tulivyomhukumu Mpole kutoka Nyuma ya Shuka

Gari la sinema lilipokuja kwetu Kibuta, shuka jeupe lilitundikwa kati ya minazi miwili. Wanaume walikaa mbele yake, sisi wanawake tukakaa nyuma. Ndivyo jumbe alivyopanga tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya stara, wala hakuna aliyeuliza. Picha ilipenya kitambaa tukaiona, na sauti ya msemaji mwenye kipaza sauti tukaisikia sawasawa na wao.

Msemaji huyo ndiye aliyetueleza kwamba kila picha ina mtu anayeipanga, anayewaambia watu wasimame wapi na walie lini. Siku hizi vijana wanamwita mwongozaji. Sisi tulimwita mpishi, na tuliwatambua wawili bila kuyajua majina yao. Mmoja tulimwita Mwenye Haraka, maana kwake watu walifukuzana kwa baiskeli mpaka vumbi unalihisi puani. Wa pili tulimwita Mpole. Huyo aliweza kukuonyesha uso wa mama anayemngoja mwanawe hospitalini, akauacha hapo hapo, asikwambie kitu.

Kaka yangu alikuwa wa Mwenye Haraka. Alisema picha nzuri hujulikana kwa watu kuinuka mikekani. Mimi nilikuwa wa Mpole, na nilikuwa mbishi kuliko sasa, ingawa wanangu hawaamini kwamba hilo linawezekana. Nilimwambia kuinuka si hoja, hata nyoka akipita watu huinuka. Kwangu mimi picha nzuri ni ile ambayo kesho yake unakuna nazi na bado unaifikiria. Tulibishana njiani, tulibishana shambani, mpaka mama akatishia kutupa kila mmoja shamba lake la kulimia.

Bibi, mzaa baba, alikuwa na kipimo chake. Yeye alitazama adabu, na hapo ndipo Mpole alipoharibikiwa. Alituletea picha ya harusi, na bwana harusi akala pilau mbele ya wakwe zake kwa mkono wa kushoto. Baba mkwe naye akampa mkono wa kushoto. Bibi aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akatuondoa wote kabla picha haijaisha. Kesho yake kijiji kizima kilijua kwamba yule mpishi hana malezi, na kwamba wanawake wa nyumba yetu hawaendi tena sinema, iwe ya huyo au ya mwenzake. Mwenye Haraka hakulaumiwa kwa lolote, kwa sababu kwenye picha zake hakuna aliyepata nafasi ya kula.

Niliumia kweli. Nilikuwa nimeshaposwa, na nikishaolewa ningehamia Kurui, ambako sikujua kama gari lile lilifika. Jioni chache za sinema zilizobaki ndizo hizo, na bibi alikuwa amezifunga.

Kaka akasema tumemzulia mtu. Bwana harusi alikula kwa kulia, na wanaume wote waliona. Bibi hakutaka kumsikiliza, lakini mimi nilianza kufikiri, kwa sababu kaka hakuwa na faida yoyote kumtetea Mpole. Sikumwacha bibi apumzike. Kila nilipopata nafasi nilimrudishia maneno ya kaka, naye kila mara akanifukuza.

Siku moja nilikuwa naanika nguo. Kanga ya bibi ya zamani, yenye maandishi ya Kiarabu, ilikuwa kambani, jua likiipiga upande wa pili. Nikaitazama kwa nyuma, nikaona herufi zimegeuka, za kulia ziko kushoto. Nilikwenda kumwita bibi, nikamsimamisha pale pale niliposimama mimi, nikamwomba asome. Alijaribu akashindwa, na alikuwa msomaji mzuri. Akazunguka mbele, akasoma. Akarudi nyuma, akatazama tena, midomo ikimcheza.

“Mke mwenzangu,” akasema, kama alivyozoea kuniita kwa utani, ingawa safari hii hakuwa akitania, “yule mtu tumemtazama kwa nyuma.”

Nilidhani angecheka yakaisha. Kumbe kwake kumsingizia mtu ilikuwa dhambi, na alilolisema mbele ya watu alitaka kulifuta mbele ya watu, baada ya kuona kwa macho yake.

Gari liliporudi lilikuwa na picha ile ile ya harusi, kama ilivyokuwa kawaida yao kurudia. Kabla shuka halijatundikwa, bibi alikuwa ameshatandika mkeka mbele. Mimi nilikaa ubavuni pake, na shangazi na wake wa majirani nyuma yetu, wote tumejitanda. Jumbe akaja, akamwamkia bibi shikamoo, akazungumzia stara kwa sauti ya upole.

“Marahaba, mwanangu,” bibi akamjibu. “Stara yangu ninayo mwilini. Nimemsema mtu hana adabu, nami sikumwona upande wake. Leo nataka nimwone, nimtoe lawama.”

Jumbe akageuka. Akawaambia wanaume wasogee.

Bwana harusi akanyoosha mkono wa kulia. Akala taratibu, matonge madogo madogo, kama mtu aliyelelewa. Bibi akasema kwa sauti ya kusikika na wote, “Nisamehe, baba,” akimwambia mtu asiyejua hata kama Kibuta ipo. Nililia, na sikuona aibu.

Picha ilipokwisha kaka alitugeukia akiwa na kicheko chake cha kuchokoza, akamwuliza bibi basi mpishi bora ni yupi. Nilifungua mdomo kumtaja Mpole, bibi akanishika goti. Jumbe alikuwa karibu yetu, anakunja kiti chake.

“Bado siwezi kusema, mume wangu,” bibi alimjibu kaka, polepole, ili na jumbe asikie. “Yule mwingine sijamwona kwa mbele. Akija, tutakaa hapahapa.”