Saluti ya Mkono wa Kushoto

Bega langu la kulia lilianza kuuma mwaka tuliohamia nyumba mpya za kambi, pale Jinja, miaka ya tisini ikiwa imefika katikati. Halikuanza kwa kishindo. Sikuanguka, sikupigwa, sikubeba gunia. Nilikuwa askari wa magereza, kazi yangu kufundisha wafungwa wanawake kushona, na asubuhi moja nilipozungusha gurudumu la cherehani nikahisi kitu kikinichoma ndani ya bega, mahali ambapo kidole hakifiki. Nikasema ni baridi ya mto. Watu wa Jinja hulaumu mto kwa kila kitu.

Nataka kueleza taratibu, kwa sababu wako wengi wenye bega kama langu ambao hawajaelezwa na mtu, na kwa sababu mimi, siku nilizohitaji kuelezwa, nilipewa sindano. Lakini sitadanganya kwamba naeleza kwa moyo uliotulia. Nina hasira, na kila nikimwona mtu anatembea na mkono uliofungwa kitambaa shingoni bila mfupa kuvunjika, hasira hiyo huanza upya.

Kambi ilikuwa na zahanati, na zahanati ilikuwa na tabibu mmoja, musawo kama tulivyomwita. Yeye alikaa nyuma ya meza, mimi nikasimama mbele yake, na katika safari zote nilizokwenda pale hakuna siku aliyoizunguka ile meza.

"Shida?"

"Bega, musawo."

"Hiyo ni malaria. Inaingia kwa mifupa."

Nikachomwa sindano ya malaria. Nikarudi. Akasema basi ni baridi yabisi, nikachomwa nyingine. Niliporudi tena alinitazama kama mtu anayetazamwa na deni lake.

"Wewe mama, unataka likizo?"

"Nataka mkono wangu, musawo."

Akacheka, akatoa kitambaa cha pembe tatu, akaniambia niufunge mkono shingoni. "Upumuzike. Usitikise mpaka maumivu iishe." Hata kitambaa chenyewe nilifungwa na mgonjwa mwenzangu pale kwenye benchi.

Nilitii. Mimi ni mtu wa amri. Nilikuwa nimevaa sare zaidi ya nusu ya umri wangu. Kila nilipotoka kazini niliufunga mkono, nikalala nao umefungwa, nikapika kwa mkono mmoja. Maumivu yalipungua kidogo nikafurahi, nikadhani napona. Kumbe bega lilikuwa linafunga milango yake mmoja baada ya mwingine. Kwanza nikashindwa kujisuka. Halafu nikashindwa kufunga mkanda wa gomesi, lile vazi letu refu la wanawake, maana fundo lile linataka mikono yote miwili. Halafu kuoga kwapa la kushoto kukawa kazi, kwa kuwa mkono wa kulia haukuweza kulifikia. Mambo haya mwanamke hayasemi mbele ya wanaume wa kambi, kwa hiyo hawakuyajua. Walichokiona wao ni kitu kimoja tu: saluti.

Kazini kitambaa kilikatazwa. Afande wetu, mkuu wa gereza, alisema si sehemu ya sare. Basi mkono ukaning'inia tu, na nikajifunza kujificha. Nilipomwona afande anatoka upande huu, mimi nilipita upande ule. Nilibeba vitambaa vya kushona kwa mkono wa kulia ili mtu akisema neno nionyeshe kwamba nimebeba. Askari mwenye mzigo husimama wima tu, haulizwi.

Siku moja alikuja kukagua chumba cha ushonaji bila taarifa. Wafungwa wakasimama. Nami nikasimama, mikono mitupu, macho yake usoni pangu. Nikajaribu mkono wa kulia, ukafika kwenye kifua ukakwama. Yeye bado anasubiri. Nikaona ni afadhali heshima ya upande mbaya kuliko kukosa heshima kabisa. Nikainua mkono wa kushoto, nikampigia saluti safi, vidole vimebanana, kiwiko mahali pake.

Mfungwa mmoja akacheka puani.

Kama wewe hukuishi kambini, nikueleze. Saluti ni ya kulia. Mkono wa kushoto kwetu haupokei kitu, haumpi mtu chakula, haumsalimu mkubwa. Kumpigia afande saluti ya kushoto mbele ya wafungwa ni sawa na kumtolea ulimi.

"Wewe nasalimia mimi na mukono ya kushoto?"

"Afande, mukono ya kulia nakataa."

"Nakataa? Mukono nakataa, ao wewe ndiyo nakataa?"

"Afande, ni mugonjwa. Musawo najua."

Tabibu akaitwa. Akasema, palepale mlangoni, kwamba amenitibu kwa kila dawa iliyopo na hakuna ugonjwa aliouona. Alisema kweli. Hakuna alichokiona, kwa sababu hakuna alichokitazama. Na kwa neno lake hilo mimi nikashtakiwa kwa kumdharau afande mbele ya wafungwa, kosa ambalo mwisho wake ungeweza kuwa kufukuzwa. Nilikuwa mjane. Nyumba ya kambi ni ya kazi. Kazi ikienda, nyumba inakwenda, na watoto wangu na vitabu vyao wangekaa barabarani. Kesi ilipangwa kusikilizwa Mbale, mbele ya afande mkubwa wa mkoa.

Nikatangulia kwenda kwetu Busiu, karibu na Mbale, kwa dada yangu mkubwa, nisubiri siku. Dada alinipokea kwa kelele zake za kawaida, akanitupia kikapu kizima cha mahindi ya kupukuchua. Alinitazama kwa muda nikipukuchua kwa mkono mmoja.

"Huko Jinja wanalipa nusu mshahara kwa nusu kazi?"

"Dada, bega."

"Bega gani hilo? Inua."

Nikainua. Akaacha kucheka. Akaja, akaushika mkono wangu kwenye kiwiko, akajaribu kuupandisha, nikapiga ukelele. Yeye ndiye mtu wa kwanza kunigusa bega tangu lianze kuuma, dada yangu mkulima, na hilo nalo lilinikasirisha hata nikalia. Asubuhi yake tukapanda gari kwenda hospitali Mbale.

Daktari alitupeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mwenye viatu vya raba na sauti ya mwalimu wa chekechea. Nilimwita daktari. "Mimi si daktari, mama," alisema, "mimi ni wa kuwatesa baada ya daktari." Akaniketisha kwenye stuli, akaniomba nishushe blauzi, akazunguka nyuma yangu. Nilisikia mikono yake ya baridi. Alianza na shingo, maana maumivu ya bega mara nyingine yanatoka shingoni. Akauliza kama nasikia ganzi vidoleni. Akauliza kama kifua hubana au jasho hunitoka maumivu yanapokuja, maana moyo nao huweza kuuma begani, na huo haungoji foleni. Nikasema hapana kwa yote.

"Sasa inua mwenyewe."

Ukafika kifuani.

"Sasa legea, niinue mimi."

Akaweka kiganja kimoja juu ya bapa la bega, akainua kwa kingine. Ukafika palepale.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo lingeniokolea mwaka mzima. Mkono una kamba zake za kuuvuta. Kamba ikikatika, mwenyewe hushindwa kuinua, lakini mtu mwingine akikuinulia mkono unapanda. Kama mwenyewe hawezi na mwingine pia hawezi, shida iko kwenye kiungo chenyewe. Kisha akanibana kiwiko ubavuni, akajaribu kugeuza kiganja changu kiende nje, kama mlango unaofunguka. Haukufunguka hata kidogo.

"Hapa ndipo bega lililoganda linapojitaja," alisema. "Anayejifanya hukataa kuinua. Hajui kwamba anatakiwa kukataa kugeuza nje pia."

Akanieleza kwamba kiungo cha bega kimevaa mfuko, na mfuko wangu umerudi, yaani umenywea. Nilimwelewa upesi kuliko alivyotarajia, mimi fundi wa nguo. Shona blauzi yenye kwapa pana, mwenye nayo atainua mikono apendavyo. Ifue kwa maji ya moto kitambaa kirudi, kwapa likaze, akiinua mkono blauzi nzima inapanda naye. Ndivyo bapa la bega langu lilivyokuwa likipanda pamoja na mkono.

"Na kuufunga?" nikauliza.

Akaja mbele yangu. "Nani alikwambia uufunge?"

Nikamtaja tabibu wa kambi. Aliuliza tena maswali ambayo niliyaona hayana uhusiano: kiu, kukojoa, kukonda. Nikasema ndiyo, ndiyo, na ndiyo, nikadhani ni wasiwasi wa kesi. Nikapelekwa maabara. Mkojo wangu ulitiwa kwenye maji ya buluu, ukachemshwa, na yale maji yakageuka rangi ya tofali. Sukari. Ugonjwa wa sukari hupenda kugandisha mabega, hasa ya watu wa umri wangu, na wengi hugundua sukari yao kupitia bega kama mimi. Nilikuwa nimetembea nayo nisijue, huku nikichomwa sindano za malaria.

Siku ya kesi nilivuliwa kofia na mkanda, kama ilivyo desturi ya mshtakiwa, nikaingizwa kwa amri ya hatua mbele ya meza ya afande mkubwa. Asiye na kofia hapigi saluti, kwa hiyo siku hiyo, kati ya siku zote, hakuna aliyenidai. Afande wa Jinja alisimama kando, akasimulia kuhusu mkono wa kushoto na kicheko cha mfungwa. Kwa kweli alisimulia bila chumvi.

Afande mkubwa, mzee wa kaskazini mwenye sauti ya chini, akaniambia, "Inua mukono ya kulia."

Ukafika kifuani.

"Anajifanya," akasema afande wa Jinja.

Nilikuwa nimejiandaa kuomba. Nilikuwa na maneno ya mjane na watoto. Yote yakanitoka, ikabaki hasira, na hasira yangu ina tabia ya kueleza.

"Afande, naomba yeye aje ainue mwenyewe. Aweke mkono moja hapa juu, na ingine hapa kwa kiwiko. Halafu abane kiwiko, ageuze nje. Kama inageuka, mimi nimejifanya, munifukuze leo."

"Mimi si daktari," afande wa Jinja akasema.

"Na mimi si daktari," akasema afande mkubwa, "lakini hii maneno ya kushika mukono ni ya shule gani?"

Akainuka, akaizunguka meza. Aliweka kiganja mahali nilipomwonyesha, akainua. Bapa likapanda. Akabana kiwiko, akageuza, kwanza polepole, halafu kwa nguvu ya mtu asiyeamini. Nilimsikia akivuta pumzi. Machozi yalinitoka nikiwa nimesimama wima.

"Hii imefungwa na kufuli," akasema. Akamgeukia mwenzake. "Wewe nashika hii hata siku moja?"



Shtaka likafutwa. Nikahamishiwa Mbale, niwe karibu na hospitali, nipewe nyumba huku. Kisha afande mkubwa akarudi kwenye kiti chake, akaniambia kwa upole kabisa kwamba siku nyingine nitoe taarifa mapema. Nilikuwa nimetoa taarifa mpaka miguu ikachoka. Nikasema, "Ndiyo, afande." Nje uani yule wa Jinja alinipita akaniambia, "Basi, mama, upone," kama mtu aliyenifanyia fadhila.

Matibabu hayakuwa na ajabu. Kwanza sukari: vidonge, chakula kwa kipimo, chai bila sukari, jambo ambalo dada aliliita msiba wa pili. Kisha bega. Kitambaa cha moto kwa muda, halafu kuinama juu ya meza nikiuacha mkono uning'inie na kuuzungusha kama kengele ndogo. Kutembeza vidole ukutani, leo mpaka alama hii, wiki ijayo juu kidogo. Kamba iliyopitishwa juu ya boriti ya mlango, mkono mzima ukiuvuta ule mgonjwa. Maumivu yakibaki baada ya mazoezi mpaka kesho yake, umezidisha. Punguza, lakini usiache. Binti yule alinionya kwamba bega la namna hii hujifungua lenyewe polepole, mara nyingi kwa mwaka na zaidi, na kazi yetu ni kulisaidia bila kulilazimisha. Kwa hiyo wewe unayesoma na mkono wako umekataa, usikate tamaa. Wengi hupata karibu mwendo wote. Usikubali tu mtu akutibu kutoka upande wa pili wa meza.

Mimi nilipata mbele, na juu mpaka sikioni. Nyuma haukurudi. Binti wa mazoezi alisema huenda ni sukari iliyokaa muda mrefu bila dawa, huenda ni ile miezi ya kitambaa, hakuna awezaye kutenganisha. Mimi natenganisha. Ugonjwa nimeusamehe, maana haukunijua. Mkanda wa gomesi, unaopitishwa mgongoni, hufungwa na binti yangu mpaka leo, na kila akilikaza fundo namfikiria yule tabibu, na ile meza yake pana.