Mama Pindo na Bembea ya Mwanawe

Wifi yangu ni mkaidi. Naanza na hilo mapema ili asije mtu akasema nimemsengenya, maana nimeshamwambia usoni mara nyingi, na jibu lake ni lile lile: "Na wewe je?" Kaka yangu, Mungu amrehemu, alimwoa akijua. Aliniambia mwenyewe kwamba ukitaka mke wangu aende kulia, mwambie aende kushoto, kisha umpishe njia.

Mtaani wanamwita Mama Pindo, kwa kuwa nguo ikiingia mikononi mwake haitoki bila kupindwa upya, hata kama uliipeleka kutiwa kifungo tu. Ni fundi wa sare za shule. Chumba chake cha kazi ni kile cha mbele, dirisha linatazama barabara, na ukutani kaptula zimening'inia kwa ukubwa kuanzia za vitoto mpaka za mabarobaro. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa mguu. Ameikanyaga tangu akiwa mwari, na hatimaye magoti yakasema basi. Daktari alisema ni baridi yabisi: magoti yote mawili, nyonga ya kulia, na vidole vya mkono wa mkasi. Asubuhi hashuki kitandani kama sisi. Anakaa kwanza, anayasugua magoti, anayasemesha: "Haya, twendeni, mna nini leo?"

Kutembea anatembea, lakini kwa vituo. Kwenda dukani pale pua na mdomo lazima asimame njiani, na hasimami kama mgonjwa, thubutu! Anajifanya anatazama gauni la mpita njia. "Ona pindo lile lilivyokwenda mrama," anasema, huku jasho linamtoka. Nami nasimama, natazama pindo. Ndiyo uwifi huo.

Mtoto wake ni mmoja tu, Spana. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe utotoni, kwa kuwa hakikubaki kitu ndani ya nyumba ile ambacho hakukifungua. Mama yake alitaka awe fundi cherehani na alishamnunulia mkasi. Mtoto akaenda kusomea ufundi wa mitambo, na kazi aliyoipata ikawa kwenye bustani ya michezo, ile yenye vigari vya kugongana na farasi wa kuzunguka na bembea kubwa ya duara inayoonekana kutoka nusu ya mji. Siku aliyokuja kututangazia, amevaa ovaroli mpya na meno yote nje, wifi yangu alimtazama juu mpaka chini. "Yaani nimekusomesha ukazungushe watu hewani? Hiyo ni kazi au ni mchezo?"

Kijana alicheka. Lakini tangu siku ile, akija nyumbani anasimulia mvua, anasimulia mpira, anasimulia bei ya viatu. Kazi hasimulii.

Miaka ikaenda. Spana akawa mkuu wa mafundi wa ile bembea, na habari hiyo mama yake aliisikia kwa watu. Siku moja mteja alikuja kupimiwa sketi za wanawe, akasema mdogo wao aliingiwa na hofu kule juu akaanza kulia, na fundi mmoja akamsemesha kwa kipaza sauti kutoka chini, pole pole, akimsimulia nyumba anazoziona mpaka mtoto akashuka anacheka. Mama Pindo aliweka mkasi chini. "Huyo ni mwanangu," alisema. Alimwambia mteja. Mwanawe hakumwambia.

Basi, mwenye bustani akaiuza bembea. Imenunuliwa na watu wa mbali, nchi nyingine kabisa, na Spana anatakiwa aende nayo, akaisimamishe huko na akae nayo. Alikuja kutuaga akiwa ameshika kofia mkononi. "Mama, Jumamosi ndiyo siku ya mwisho kabla hatujaanza kuifungua vipande vipande. Nataka upande. Njooni asubuhi, maana mchana upepo unachachamaa, na ukizidi tunafunga."

"Nitapanda," mama yake akasema, mara moja, mpaka nikageuka kumtazama.

Kijana alipotoka uani kunawa, wifi akanivuta mkono. "Nikiwa ndani ya ile bembea nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba nilikosea. Kwamba kazi yake ni kazi, na mimi najivunia."

"Si umwambie sasa? Yuko pale bombani, ananawa."

"Weee! Nikimwambia sasa atadhani ni kwa sababu anaondoka. Nataka niwe nimekaa ndani ya kazi yake mwenyewe, ndiyo nimwambie. Hapo ataamini."

Kusema kweli niliona ana hoja.

Jumamosi tulifika mapema. Wifi alivaa gauni la bluu alilolishona wiki ile ile kwa vidole vinavyouma, na kwapani alikuwa na mkoba uliojaa vidonge. Getini alikaa binti mmoja mcheshi. Kumwona tu, alitoka kibandani kwake anasukuma kiti cha magurudumu, kipya, mgongo mwekundu. "Karibu mama! Kiti hiki kimewekwa kwa ajili yako."

Lahaula. Ningejua ningemziba yule binti mdomo, nikamsukumia wifi yangu kitini kwa nguvu.

"Nani amekwambia mimi kiwete?" Mama Pindo akauliza.

"Hapana mama, si hivyo, ni kwamba..." Binti alinitazama mimi, akamtazama yeye, akajiuma mdomo kama mtu aliyekatazwa kusema. "Bustani ni kubwa, mama. Bembea iko mwisho kabisa."

"Miguu ninayo. Mpe mwenye shida."

Nilimfuata nyuma namnong'oneza. "Wifi, kaa. Kaa tu mpaka karibu, halafu ushuke."

"Ukikitaja tena kile kiti narudi nyumbani." Alisimama, akanishika bega, akashusha sauti. "Leo wenzake wote wapo. Vijana wale anawasimamia. Wakimwona mama yake anasukumwa kama gunia la mkaa watasema nini? Hata siku moja sijafika kazini kwake. Nataka waone ana mama anayesimama."

Nifanyeje? Mwenzangu anampenda mwanawe kwa miguu isiyokuwepo.

Tukaanza safari. Na mtu mwenye magoti mazima hawezi kujua bustani ya michezo ilivyo ndefu. Kila kitu kimezungushiwa vyuma, kila njia inapinda kwenda kukuonyesha kitu usichokitaka. Tulishika vyuma vya vigari vya kugongana, tukasimama. Tukafika kwa farasi, tukasimama, wifi akasema farasi wamepakwa rangi vizuri. Muziki unapiga kila upande, watoto wanapita mbio na bisi zao, na mabenchi yote yamekaliwa na akina baba walioshikishwa mikoba. Mmoja alitupisha. Wifi alikaa pale muda mrefu, macho ameyafumba, akameza kidonge bila maji. Jua lilishapanda. Nilisema turudi. Akasema, "Nikirudi nitakuwa nimekuja kufanya nini?"

Tukiwa kwenye benchi lile akapita bibi mmoja mnene, kofia ya majani kichwani, anasukumwa na wajukuu wawili wanaobishana nani asukume. Amekaa kwenye kiti chekundu. Chetu. Alitupungia mkono, "Poleni na jua, wenzangu!"

"Maskini," akasema Mama Pindo, na alimaanisha.

Tulipofika kwenye bembea, mimi mwenyewe nilikuwa nataka kulia. Spana alituona akashuka mbio, uso wote umechanua. Halafu nikaona macho yake yanamruka mama yake, yanatafuta kitu nyuma yetu.

"Kiti kiko wapi?"

"Kiti gani?" akauliza mama yake.

Spana alinyoosha kidole juu. Vibanda vyote vya ile bembea vilikuwa sawa: kizingiti kirefu cha kuvuka, benchi jembamba, chuma cha kubana mapajani. Kimoja tu kilikuwa tofauti. Mlango wake mpana, ndani hakuna benchi, sakafuni kuna vishikizo vya kubana magurudumu, na ukutani reli ya kushikia. Mbele ya pale pa kupandia palikuwa na njia ya chuma yenye mteremko, haina hata ngazi moja, mpya inang'aa. Na ndani ya kibanda kile, kinapanda taratibu kwenda juu, alikuwamo bibi wa kofia ya majani.

"Nilikichomelea kwa ajili yako, mama," Spana alisema. "Nilimwambia binti wa getini akupe kiti na asikwambie kitu. Nilitaka ukione mwenyewe."

Wifi yangu alikitazama kile kibanda mpaka kikafika juu kabisa. Kisha akasema, "Nitapanda hiki cha kawaida," na kabla hatujamzuia akainua mguu kwenye kizingiti. Goti likakataa. Akajikaza, nyonga nayo ikakataa, na akatoa ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, hata msibani. Spana alimdaka, yeye na kijana mwingine, wakamkalisha benchini kama mtu anayeweka mayai.

"Si neno," nikasema, najifanya jasiri. "Bibi yule akishuka tutamwazima kiti."

"Sawa shangazi," Spana akasema, na akatazama bendera juu ya mlingoti. Ilikuwa imeanza kucheza. Mara ikanyooka kabisa, inapiga kofi, na kofia ya mtu ikapita mbele yetu inabiringika. Redio mfukoni mwake ikasema jambo. Akajibu, "Ndiyo. Teremsheni wote. Tunafunga."

"Zungusha mara moja tu!" nikamwambia. "Si wewe ndiye mkubwa hapa?"

"Ndiyo maana siwezi, shangazi."

Nilitaka kumjibu, lakini Mama Pindo akanikamata mkono. "Mwache. Kazi ni kazi."

Spana aligeuka. Alimtazama mama yake, akangoja. Nami nikangoja, nikamfinya wifi kabisa. Sema basi, mama wee, sema! Lakini yeye alikuwa anakitazama kile kibanda kinavyoshuka na mwenzie ndani.

Bibi wa kofia alisukumwa nje, kofia yenyewe ameikumbatia, machozi yanamtoka. Alimshika Spana mikono yote miwili na grisi yake. "Wewe ndiye fundi? Mwanangu, tangu miguu initupe sijatazama kitu kutoka juu. Leo nimeuona mji wote. Kazi yako ni njema. Mungu akubariki."

"Asante, mama," Spana akasema.

Nilimwona wifi yangu akiyapokea maneno yale moja moja.

Upepo ulizidi. Spana alikuja akapiga magoti mbele ya benchi, akaanza kumsugua mama yake miguu. "Mbona hukukaa kwenye kiti, mama?"

"Nisikuaibishe. Mbele ya wenzako."

Spana aliacha kusugua, mkono juu ya goti. "Wenzangu ndio walionishikia vyuma nikichomelea. Walikuwa wanabaki baada ya kazi. Wote wanajua habari za magoti yako, mama. Asubuhi nzima walikuwa wanauliza, mama amefika?"

Hapo ndipo wifi yangu alipolia. Hajui kulia mbele za watu, anakunja uso kama mtoto anayemezeshwa dawa. Vijana wa ovaroli walisimama mbali kidogo, wamevua kofia, hawajui waweke wapi macho. Kisha mmoja akapiga kelele kwamba kibanda cha upande wa pili kimefunguka mlango na kinapigwa na upepo, na Spana akanyanyuka akakimbia.

"Spana!" mama yake akaita. "Nilikosea! Kazi yako ni kazi! Najivunia, mwanangu, unasikia?"

Aliyasema yote, kwa sauti yake yote, na upepo ukayachukua. Mwanawe alikuwa ameshafika kwenye ngazi ya chuma, anapanda. Hakugeuka. Nilisikia mimi, na wale vijana pengine walisikia, na bibi wa kofia akatikisa kichwa. Spana aliporudi alikuwa anahema, anaulizia kamba. Mama yake akamwambia, "Jihadhari na ngazi." Basi.

Kiti tulikipata mwisho. Spana mwenyewe alimsukuma mama yake mpaka getini, na vijana wote walisimama njiani kumpa mkono, mmoja mmoja, na kumwita mama. Wiki ile bembea ilifunguliwa, ikapakiwa kwenye malori, na mwanetu akaondoka nayo.

Nimemwambia wifi ampigie simu amwambie. Nimeimba mpaka nimechoka. Anasema maneno kama yale si ya kwenye simu. Juzi Spana alipiga mwenyewe, tuko chumba cha mbele, mimi natia vifungo. Alikuwa na furaha, wameshaisimamisha bembea, kibanda chenye mlango mpana kinapendwa kuliko vyote. Wifi aliisikiliza simu kwa mikono miwili. Nilimkonyeza. Nikamwonyesha kwa kidole: sema, sema sasa. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Akamuuliza kama huko kuna baridi.