Mwalimu Hiram na Msemaji wa Rumi

Hiram Wakhungu alifundisha shule ya misheni karibu na Sirisia tangu mwaka 1926, na kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake alimjua Sisero, msemaji wa Rumi ya kale, kuliko alivyowajua wajomba zake. Kitabu cha habari zake kilikuwa kimoja tu, alichopewa na mmishonari, naye alikishika kama yai. Mtu asiye na ukoo mkubwa, alisema, alipanda kwa ulimi wake hadi akatawala Rumi.

Nyumbani kwao kulikuwa na msemaji pia, ila huyo hakumtaja. Baba yake, mzee Wakhungu, ndiye aliyeitwa kila mzee wa heshima alipofariki. Siku ya tatu baada ya maziko alishika fimbo, akatembea katikati ya watu hadi jua la utosi, akieleza marehemu alikotoka na jinsi waliobaki wanavyopaswa kuishi. Wabukusu huiita kazi hiyo kumuse. Misheni iliiita ushenzi, na mwalimu aliyeonekana huko alifutwa kazi. Hiram hakwenda. Ukweli ni kwamba alimwonea baba yake haya.

Mwaka 1934 mzee aliugua, akamwomba mwanawe huyo wa pekee amsemee atakapokufa. Hiram alikataa kwa upole. Ili kumtuliza, akamsomea habari za Sisero: alivyowaumbua waliokula njama, alivyofukuzwa akarudi, alivyomsema mkubwa mmoja hadi askari wakamkata kichwa na mikono, vikatundikwa pale pale alipozoea kuhutubia.

Mzee alisikiliza kama fundi anayemkagua fundi mwenzake. Kisha akauliza, "Sasa huyo mzee wenu, siku ya tatu nani alimsemea?"

Hiram alifunua kurasa mbele, akarudi nyuma.

"Kitabu hakisemi, baba."

"Hakuwa na mtoto?"

"Alikuwa naye. Alikuwa mbali."

Mzee akageukia ukutani, na habari hiyo hakuigusa tena.

Alizikwa mwezi wa Agosti. Siku ya tatu Hiram alimpa mkewe, Peris, funguo za shule azirudishe misheni, kisha akaingia katikati ya watu na fimbo ya baba yake. Maneno yote ya Sisero yalimtoka kichwani. Hakujua hata ukoo wao unaanzia kuhesabiwa wapi.

"Huyu mzee aliwasemea wafu wenu miaka thelathini," alisema. "Mimi mtoto wake sikukaa hata mara moja nikamsikiliza."

Akasimama hapo, machozi yakimtoka, wazee wakingoja aendelee. Hakuwa na lingine. Miaka yake iliyobaki aliimaliza Kitale, akipima mahindi kwenye stoo ya Kishore, mfanyabiashara wa Kihindi.