Chiriku wa Mukasine

Mukasine wa Lushebere alikuwa mjane asiye na mtoto. Tangu amzike mumewe Rukara, mwaka 1948, kila asubuhi alimwaga konzi ya mtama juu ya jiwe bapa nyuma ya nyumba. Kiangazi, nyasi zikiwa na mbegu tele, chiriku walikuja wachache, wakaimba kidogo, wakaenda zao. Mvua zikikaza walijaa uani, manjano kama maua ya maboga, naye akakaa kuwasikiliza mpaka uji ukaungua.

Mwaka 1952 mvua ya mawe iliponda maharagwe ya kilima kizima. Mwezi wa kumi na moja, asubuhi, akaja jirani yake Epiphanie, aliyemuuguza Rukara miezi miwili kama kaka yake wa tumbo moja. Mkononi alikuwa na kikapu kitupu.

"Mama Mukasine, batoto habakukula tangu jana. Unisaidie mutama kidogo, hata ya uji tu."

Ndani kulikuwa na mtungi mmoja, nusu. Mukasine akaogopa njaa, na uongo ukamtoka kabla hajaupima. "Dada, hata mimi niko vile vile. Haiko hata punje moja mu nyumba."

Epiphanie akashukuru, akashika njia ya mkato, ile inayopita nyuma. Mukasine akakumbuka, akamkimbilia. Alikuwa amechelewa. Chiriku walilifunika jiwe, wakidonoa mtama wa asubuhi ile. Epiphanie alisimama, akatazama, kisha akawazunguka kwa mbali, kama mtu anayewapita wenzake wakiwa mezani. Hakugeuka.

Uso ulimwaka Mukasine kana kwamba ameinamia moto. Kabla ya adhuhuri alikuwa mlangoni kwa Epiphanie, amebeba mtungi wote.

"Epiphanie, ile ya asubuhi, mimi nili..."

"Achana na ile, Mama. Batoto bakule kwanza." Akaupokea kwa mikono miwili. Hakukuwa na uchungu katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma Mukasine zaidi. Angetukanwa, angepumua.

Wiki zile alikula viazi vidogo na majani ya maboga. Chiriku walingoja juu ya uzio siku tatu, wakatawanyika. Kanisani alihamia benchi la nyuma.

Maharagwe mapya yalipoiva, Epiphanie alimletea kikapu cha kwanza, hata kabla ya kuonja ya kwake. Mukasine alikipokea akitazama chini.

"Ingia, dada," alisema.

"Siku ingine, Mama," Epiphanie akajibu kwa upole, akarudi kwa barabara kubwa.